Usiniambie wamepungua, niambie tangu lini

Jamani, leo mnivumilie. Hakuna siasa, hakuna foleni, hakuna mgao wa umeme. Leo nataka kuzungumzia ndege mmoja anayeishi kwenye baridi huko kaskazini kabisa mwa dunia, ndege ambaye wengi wetu tutaingia kaburini bila kumwona.

Najua kuna mdau atakayeuliza, "Sasa kaka, hii inatuhusu nini?" Inatuhusu. Kazi inayonipa ugali ni kuandika habari, na kuna aina moja ya habari imenichosha. Ni ile inayosema mnyama fulani "amepungua kwa asilimia kadhaa" au "ameongezeka maradufu", halafu nukta. Amepungua tangu lini? Ukilinganisha na mwaka gani? Kimya. Ukimuuliza mhariri anakuambia nafasi haitoshi, msomaji hataki historia. Mimi nasema habari ya namna hiyo ni nusu habari, na nusu habari inaweza kuumiza kuliko uongo mzima. Sijapata mfano wa kulieleza hilo vizuri kuliko ndege huyu.

Tuanze na jina. Wanasayansi wanamwita Lagopus muta, watu wa Iceland wanamwita rjúpa. Kiswahili hakijahangaika naye kwa sababu hatuishi naye. Hapa kwangu nitamwita kwale wa theluji, maana ni ndugu wa ukoo mmoja na kwale, kanga na kuku tunaowafahamu. Yupo Iceland, Grinilandi, Norwei, Kanada, Alaska na Urusi. Wakati wa baridi anakuwa mweupe kama pamba, wakati wa kiangazi anageuka rangi ya udongo na mawe. Miguu yake ina manyoya mpaka kwenye vidole, kama mtu aliyevaa soksi.

Huyu ndege hahami. Kule Alaska anakoishi kuna kindege kingine cha kiasi cha gramu 25, ambacho watafiti walikifunga kifaa kidogo cha kufuatilia safari zake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: kindege kile kinaruka kama kilomita 14,500 kuja kukaa Afrika Mashariki wakati kwao kuna baridi, halafu kinarudi umbali ule ule kwenda kutaga. Yaani kinakuja kula sikukuu kwetu. Kwale wa theluji anabaki. Katika visiwa vya Svalbard, ambako jua halichomozi kwa miezi kadhaa, yeye ndiye ndege pekee wa nchi kavu anayekaa mwaka mzima. Ikifika vuli anajaza mafuta mwilini mpaka yanakaribia theluthi ya uzito wake, halafu anasubiri giza.

Sasa tuingie kwenye uzazi, maana hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Nichukue Iceland, kwa sababu ndiko wamemhesabu kwa muda mrefu na kwa bidii. Ikifika mwezi wa tano theluji inayeyuka. Jike anabadilisha manyoya haraka, anakuwa wa kahawia, hata ukimkaribia huwezi kumtofautisha na nyasi kavu. Jogoo habadiliki. Anabaki mweupe, anapanda juu ya kilima, anapiga kelele, anatangaza kwamba hapa ni kwangu na mke yupo. Katikati ya ardhi ya kahawia anaonekana kutoka mbali kabisa. Anayemwona kwa mbali si jike peke yake, ni kozi pia. Wengi huuawa katika wiki hizo za kujionyesha. Halafu kuna kichekesho. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mara jike anapoanza kutaga, na jogoo hana tena sababu ya kujipamba, jogoo anajichafua kwa makusudi. Anajipaka tope mpaka weupe unaisha. Wanaume wenzangu mtanielewa.

Jike anataga mayai kama kumi na moja hivi. Anayaatamia peke yake kwa wiki tatu. Vifaranga vikitotolewa vinaondoka kwenye kiota siku hiyo hiyo au kesho yake, vinamfuata mama huku vinajitafutia wadudu na mbegu. Mvua ya baridi ikinyesha vibaya katika siku hizo, vinakufa vingi.

Sasa chukua kalamu. Tuseme jozi moja imefanikiwa kufikisha vifaranga wanane kwenye vuli. Pamoja na wazazi ni kumi. Ili idadi isipande wala isishuke, wangapi wanatakiwa kuwa hai majira ya kuchipua yanayofuata? Wawili tu. Wanane katika kumi inabidi wafe, kila mwaka, na hapo hakuna tatizo lolote. Huo ndio mpango wa kawaida wa ndege anayezaa sana na kufa mapema. Ukienda mwezi wa tisa ukahesabu, ukarudi mwezi wa tano ukahesabu tena, unaweza kuandika kichwa cha habari kwamba "asilimia 80 ya ndege watoweka". Namba itakuwa sahihi. Habari itakuwa upuuzi.

Hapo ni mwaka mmoja tu. Ukiweka miaka mingi pamoja inakuja shida ya pili. Kwale wa theluji wa Iceland hupanda na kushuka kwa mizunguko, na katika karne iliyopita mzunguko mmoja ulichukua takriban miaka kumi. Wanaongezeka miaka minne mitano mpaka nchi inajaa, kisha wanaporomoka mpaka watu wanaanza kuulizana wamekwenda wapi, kisha wanaanza tena kupanda. Kulikuwa na vilele mwaka 1955, 1966, 1986 na 1998. Wazee wa huko wanalijua jambo hili kabla ya mwanasayansi yeyote.

Kwa nini mzunguko? Mtuhumiwa mkuu ni yule kozi mkubwa wa kaskazini. Katika Iceland kozi huyu anategemea kwale wa theluji kuliko chakula kingine chochote, hasa majira ya kuchipua anapojiandaa kutaga. Mtafiti Ólafur K. Nielsen amekuwa akiwahesabu wote wawili, kozi na kwale, kaskazini mashariki mwa nchi tangu mwaka 1981. Alichokionyesha ni hiki: kozi wanaongezeka kwale wakiongezeka, lakini wanachelewa. Kozi hazai akiwa na mwaka mmoja, inabidi akue kwanza. Kwa hiyo wingi wa kozi unafika kilele miaka kama mitatu hivi baada ya kilele cha kwale. Wakati huo kwale wameshaanza kushuka, na juu yao kuna kozi wengi wenye njaa. Wanashindiliwa chini. Kisha kozi nao wanakosa chakula, wanapungua, na kwale wanapata nafasi ya kupumua. Mambo yanaanza upya.

Kozi si mtuhumiwa pekee. Kuna vimelea vya tumboni ambavyo huongezeka baada ya ndege kuwa wengi, na watafiti wa Iceland wamevihusisha na vifo vya makinda. Ukienda kaskazini mwa Uingereza kwa binamu wa ndege huyu, mwaka 1998 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba ukiwapa dawa ya minyoo, kuporomoka kwao kunapungua sana. Ukienda Norwei na Uswidi, hadithi inahusu mbweha na panya: panya wakiwa wengi mbweha wanakula panya, panya wakiisha mbweha wanageukia ndege. Ugonjwa wa upele ulipowapiga mbweha wa huko miaka ya 1970 na 1980, ndege wa jamii hii na sungura waliongezeka. Kwa hiyo ndege wa ukoo mmoja, anayepanda na kushuka kwa namna inayofanana, anaweza kuwa na sababu tofauti kila mahali. Anayekupa sababu moja ya dunia nzima anakuuzia kitu.

Sasa tufike kwa binadamu, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Kwa familia nyingi za Iceland, kwale wa theluji ndiye nyama ya mkesha wa Krismasi. Fikiria pilau ya Idi, au kuku wa Krismasi kijijini. Si chakula tu, ni kumbukumbu ya bibi na harufu ya nyumba. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya Krismasi watu wanabeba bunduki na kupanda milima. Tangu mwaka 1995 kila mwindaji ana kadi na analazimika kuripoti ameua wangapi. Katika miaka ile ya 1990 walikuwa wakiripoti zaidi ya ndege laki moja kwa mwaka.

Wanasayansi wakaanza kusema ndege wanapungua. Wawindaji wakajibu kwa maneno ambayo na mimi ningeyatumia kama ningekuwa mwindaji: huwa wanarudi. Babu aliona wamekwisha, wakarudi. Baba aliona wamekwisha, wakarudi. Mnatuletea maneno ya ofisini.

Na tuwe wakweli, wawindaji walikuwa na hoja. Ndege kweli huwa wanarudi. Kama mwanasayansi angekuja na namba moja tu, "mwaka huu ni pungufu kuliko mwaka jana", mwindaji angemshinda mchana kweupe.

Kilichowashinda wawindaji ni urefu wa daftari. Mtu mmoja, Finnur Guðmundsson, alianza mwaka 1963 kuhesabu ndege hawa kwenye kisiwa kidogo cha Hrísey. Wengine wakaendeleza kazi hiyo maeneo mbalimbali. Mbinu yenyewe haina maajabu: majira ya kuchipua unapita eneo lile lile, unahesabu majogoo weupe waliokaa juu ya vilima wakijitangaza. Ndege mwenyewe kwa majivuno yake anakurahisishia kazi. Mwaka unaofuata unarudi pale pale. Na unaofuata. Ukiwa na daftari la miaka minne unaona mteremko. Ukiwa na la miaka kumi na miwili unaona mzunguko. Ukiwa na la miaka arobaini ndipo unaweza kulinganisha kilele na kilele, bonde na bonde. Walipolinganisha, wakaona kilele cha 1998 ni kifupi kuliko vilele vya zamani. Ndege walikuwa wanarudi, ndiyo, lakini wachache kuliko walivyokuwa wakirudi zamani.

Ukiisoma sentensi hiyo ya mwisho utaona kwamba wawindaji na wanasayansi wote walikuwa wanasema kweli. Mmoja alikuwa anasema habari za wimbi, mwingine anasema habari za bahari.

Mwaka 2003 waziri wa mazingira wa Iceland, Siv Friðleifsdóttir, akapiga marufuku uwindaji kwa miaka mitatu. Kelele zilizofuata mnaweza kuzifikiria. Krismasi bila rjúpa! Baada ya miaka miwili hesabu zilionyesha ndege wameongezeka sana, na mwaka 2005 uwindaji ukafunguliwa tena, lakini kwa masharti. Sharti kubwa kuliko yote: ukiua, ule na familia yako au umpe rafiki. Kuuza ni marufuku.

Hapa natoa maoni yangu, na najua kuna watakaonirukia. Naona lile katazo la kuuza lilikuwa na akili kuliko lile la kuwinda. Mtu anayewinda ndege sita kwa ajili ya meza ya mama yake ana kikomo, na kikomo hicho ni tumbo. Mtu anayewinda kwa ajili ya duka hana kikomo, maana wateja hawashibi. Tena ndege wakiwa wachache bei inapanda, na bei ikipanda anapata sababu ya kumfuata hata yule wa mwisho bondeni. Ukikata biashara umeacha mila imesimama na umetoa mafuta kwenye injini.

Nakubali ina upande wake mbaya. Bibi wa mjini asiye na bunduki wala mjukuu mwindaji, ambaye zamani alinunua ndege wake dukani, amenyimwa Krismasi yake. Tajiri mwenye gari la kupanda mlima hajanyimwa. Hilo si dogo, na anayesema sheria hii haina mwenye kuumia hajafikiri vizuri. Lakini nikiwekwa kati ya bibi kukosa ndege na mjukuu wa mjukuu wake kukosa hata wa kumwona, najua nitakaa wapi.

Kuna hoja nyingine ya wawindaji nisiyotaka kuikwepa. Kama wanane katika kumi wanakufa hata hivyo, si bora nimle mimi kuliko kuliwa na mbweha? Risasi si inachukua marehemu mtarajiwa? Hoja tamu. Watafiti wa Norwei waliijaribu kwa binamu wa ndege huyu, wakagawa maeneo: pengine hawakuwinda kabisa, pengine wakachukua asilimia 15, pengine 30. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalisema hasara ile ilifidiwa kwa sehemu tu. Yaani wapo uliowaua ambao wangekufa hata hivyo, lakini wapo pia ambao wangeishi na kutaga. Risasi haijui kuchagua marehemu.

Je, Iceland mambo yakawa shwari baada ya hapo? Hapana, na hapa ndipo ninapowaheshimu. Baada ya 2005 ndege walianza kushuka tena mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mpandaji uliozoeleka kuchukua miaka minne mitano ulichukua miwili tu. Mwandishi wa habari mvivu angeandika "Marufuku yashindikana". Mwingine mvivu, mwaka mmoja nyuma, alikuwa ameshaandika "Marufuku yafanikiwa". Wote wawili wangekuwa na namba sahihi mkononi. Wale wenye daftari waliendelea kuhesabu na kurekebisha. Siku za kuwinda zikapunguzwa na kuongezwa kulingana na hesabu. Mwaka 2021 wakaweka sharti kwamba siku ya uwindaji inaanza saa sita mchana, si alfajiri. Mwaka 2024 ukaja mpango mpya ulioigawa nchi katika kanda sita, kila kanda na msimu wake kulingana na hali ya ndege wa huko. Wawindaji nao wanachangia: wanatuma bawa moja la kila ndege waliyemuua, na kwa rangi ya manyoya ya ncha ya bawa wataalamu wanajua huyu alikuwa kinda wa mwaka huo au mkubwa. Mwindaji aliyekuwa adui wa takwimu amekuwa mletaji wa takwimu.

Hicho ndicho ninachokitamani kuliko sheria yenyewe. Sheria inaandikwa kwa wiki moja. Daftari la miaka arobaini halina njia ya mkato. Huwezi kuomba mfadhili akupe miaka arobaini iliyopita. Mtu anayeanza kuhesabu leo anajua kabisa kwamba jibu ataliona mwingine, na bado anavaa buti anapanda kilima kuhesabu majogoo. Katika dunia ya miradi ya miaka mitatu na ripoti yenye picha nzuri, hiyo naiita ushujaa.

Na kwetu sisi wa kalamu lipo la kufanya, halihitaji bajeti. Ukiletewa taarifa kwamba mnyama fulani, au samaki, au hata kitu kisicho mnyama kabisa kama bei ya mahindi au wagonjwa wa malaria, kimepanda au kimeshuka, uliza maswali matatu. Tangu lini? Kawaida yake kinapanda na kushuka kiasi gani? Na kilele cha sasa kikoje ukikilinganisha na kilele cha zamani? Aliyekuletea akishindwa kujibu, usiandike "yapungua". Andika kwamba hajui. Hiyo nayo ni habari, tena kubwa.

Na wewe msomaji, ukiona kichwa cha habari chenye asilimia moja iliyokaa peke yake kama jogoo mweupe juu ya kilima, itazame vizuri kabla ya kuisambaza. Inaonekana kutoka mbali kwa sababu imetaka ionekane.

Naomba kuwasilisha.